Dohani iliyoziba: namna ya kutunza bomba la moshi katika majengo ya zamani ya matofali

Dohani ni njia ya kupandishia moshi kutoka motoni mpaka juu ya paa. Wengine huiita bomba la moshi, na waliosoma Kifaransa husema shemine. Kasongo si mji wa baridi, kwa hiyo watu hawakujenga dohani ili waote moto chumbani kama kule milimani Bukavu. Hapa kwetu dohani ni ya jikoni na ya tanuru la mikate. Ziko kwenye majengo ya matofali ya kuchoma ya wakati wa Wabelgiji: nyumba za misheni, shule, nyumba za watumishi wa serikali. Mengi ya majengo hayo leo yamegawanywa vyumba, na familia tatu ama nne wanaishi mahali palipojengwa kwa ajili ya mtu mmoja na bibi yake.

Ndipo shida inapoanza. Jengo limebadilika matumizi, lakini njia ya moshi imebaki ile ile ya zamani, na mara nyingi hakuna anayekumbuka mara ya mwisho ilisafishwa lini.

Moshi ulivyokuwa unatoka zamani

Mtindo wa nyumba za Waswahili ulioletwa Maniema na watu wa pwani katika karne ya 19, wakati Kasongo ilipokuwa makao ya Tippu Tip, ulikuwa na dawa yake ya moshi: jiko lilikaa uani, mbali na vyumba vya kulala. Nyumba za nyasi nazo zinapitisha moshi kwenye paa lenyewe. Mpishi anakohoa na macho yanawaka, ni kweli, lakini hewa mbaya haikai ndani usiku kucha.

Nyumba ya matofali yenye manjanja juu, dari chini yake na madirisha yaliyofungwa haina hiyo nafasi. Moshi una mlango mmoja tu, nao ni dohani. Mlango huo ukiziba, nyumba inakuwa chungu kilichofunikwa. Ndiyo maana mafundi wa zamani husema dohani mbovu ni hatari kuliko kukosa dohani kabisa. Asiye na dohani anajua hana, atapika nje. Mwenye dohani mbovu anapika ndani, akiamini moshi unatoka.

Dohani inavyofanya kazi

Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo inapanda. Ikipanda inavuta hewa nyingine kutoka chini, na moto unapata kuwaka vizuri. Ili mvuto huo uwe na nguvu, mambo matatu yanatakiwa: dohani iwe ndefu, ndani yake iwe laini bila vizuizi, na chumba kiwe na mahali pa kuingizia hewa mpya. Mtu akiziba matundu yote ya jiko kwa kuogopa mbu, dohani haitavuta hata kama ni safi.

Juu ya paa, kanuni inayotumika nchi nyingi ni hii: kichwa cha dohani kipite paa kwa sentimita 90 kwa uchache mahali kinapotokea, na kiwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho karibu ndani ya mita 3. Kikiwa kifupi, upepo unagonga paa na kurudisha moshi chini. Mtu akiongeza chumba cha pili juu, ama mwembe ukikua ukaipita dohani, mvuto unaharibika bila mtu kugusa dohani yenyewe.

Masizi ni nini, na kwa nini ni hatari

Kuni zikiwaka vizuri hutoa moshi mdogo. Kuni mbichi hutoa moshi mzito wenye maji na mafuta ya mti. Moshi huo ukigusa ukuta wa dohani ulio na baridi unaganda. Kwanza unakuwa unga mweusi, masizi ya kawaida. Ukiendelea unakuwa magamba. Mwisho unakuwa kitu kinachong'aa kama lami, kigumu, ambacho ufagio hauwezi kukitoa.

Lami hiyo inashika moto. Ikiwaka, ndani ya dohani joto linaweza kupita nyuzi 1000, na mtu anasikia ngurumo ukutani kama ya lori linalopanda mlima. Matofali yanapasuka, cheche zinatua juu ya paa la jirani, na mbao za dari zilizo karibu zinashika. Ikitokea hivyo, watu wote watoke nje kwanza. Mlango wa hewa wa jiko ufungwe, kama upo, ili moto ukose pumzi. Maji yasimwagwe ndani ya dohani, kwa sababu matofali yenye joto kali yakipata maji yanapasuka, na mvuke unamrudia aliyemwaga.

Dawa ya kwanza basi ni kuni kavu. Kuni zipasuliwe, zipangwe chini ya kibanda chenye kupitisha hewa, zikae miezi sita hivi kabla ya kuwashwa. Kiangazi chetu cha mwezi wa sita mpaka wa nane ni wakati mzuri wa kuzikausha.

Sumu isiyoonekana

Hatari ya pili haina rangi, harufu wala ladha. Ni hewa ya kaboni monoksidi, ambayo wauguzi wengi hapa wanaiita kwa Kifaransa monoksidi de karbone. Inatoka kwenye kila moto unaokosa hewa ya kutosha, hasa makala. Ikiingia katika damu inakaa mahali pa oksijeni, na inaishika damu kwa nguvu inayopita mara 200 ile ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inaisha nguvu. Wengi wanadhani ni malaria. Aliyelala haamki.

Alama moja ya kutofautisha: kama watu wote wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, msitafute malaria kwanza, tazameni moto. Mtu aliyepatwa atolewe nje upesi, milango ifunguliwe, na apelekwe lopitali ama santre ya afya hata kama anasema amepona. Mama mwenye mimba ahangaikiwe zaidi, kwa kuwa mtoto aliye tumboni anaumia kuliko mama.

Ndiyo sababu babula ya makala isiingizwe chumba cha kulala usiku wa mvua. Makala hayatoi moshi wa kuonekana, na hapo ndipo yanapodanganya watu. Kuiweka babula chini ya dohani ya zamani hakusaidii kama dohani imeziba.

Kwa upana wake, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kupikia kuni, makala na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 duniani. Katika hao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiofika miaka mitano.

Kukagua na kusafisha

Dohani ya jiko linalowaka kila siku inataka kusafishwa mara mbili kwa mwaka kwa uchache. Wakati mzuri ni mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua, na tena katikati ya masika. Ya tanuru la mikate inataka zaidi ya hapo. Kipimo rahisi ni masizi yenyewe: yakifika unene wa milimita 3, wakati umefika.

Moto uzimwe tangu jana yake. Majivu yatolewe, mdomo wa jiko ufunikwe kwa kitambaa chenye maji ili masizi yasijae nyumba. Fundi anapanda juu ya paa kwa ngazi iliyofungwa vizuri, na anateremsha kamba yenye jiwe ama chuma kizito mwishoni. Juu kidogo ya jiwe anafunga ufagio mgumu, wa waya ama wa vijiti vya majani ya mti wa mawese. Anateremsha na kupandisha mpaka ufagio upite bila kukwama. Ukikwama mahali, asilazimishe: huenda ni kiota cha ndege, nyumba ya nyigu, ama tofali lililoanguka.

Baadaye kioo kidogo kiwekwe chini, mchana jua likiwa juu. Dohani iliyonyooka na iliyo safi itaonyesha mwanga wa mbingu. Kisha ifanyike jaribio la moshi: majani mabichi machache yawashwe chini, kichwa cha dohani kifunikwe kwa gunia lenye maji kwa dakika chache, na mtu azunguke vyumba vyote. Moshi ukionekana kwenye ukuta wa mpangaji wa pili, ukuta huo una ufa.

Anayefanya kazi hii afunike pua na mdomo kwa kitambaa, avae mikono mirefu, na aoge kwa sabuni akimaliza. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London alionyesha kwamba masizi yaliwapa wasafisha dohani kansa ya ngozi ya korodani. Wengi wao walikuwa wameingizwa dohanini tangu utoto. Uingereza iliendelea kuingiza watoto katika dohani kwa miaka 100 tena. Mwezi wa pili 1875 mvulana George Brewster alikwama ndani ya dohani ya lopitali ya Fulbourn, karibu na Cambridge. Walibomoa ukuta wakamtoa, lakini alikufa. Mwaka ule ule sheria mpya ikamaliza desturi hiyo. Mtoto asitumwe kuingia ndani ya tanuru wala dohani, hata kama ndiye peke yake anayeenea.

Kutengeneza ngozi ya ndani

Dohani nzuri ina ngozi ya ndani inayokinga matofali na joto na tindikali. Masizi yakilowa maji ya mvua yanatoa maji makali yanayokula udongo wa katikati ya matofali. Alama yake ni madoa ya rangi ya chai kwenye ukuta wa chumba, na harufu ya moshi siku ambayo hakuna aliyewasha moto. Kofia ya dohani, hata tofali nne na kipande cha bamba la zege juu, inazuia nusu ya shida hiyo.

Mafundi wengi wa leo hukimbilia siminti. Siminti ya kawaida haivumilii moto: ikipita nyuzi 400 hivi inaanza kuoza ndani, inapasuka na kuanguka vipande. Karibu na mdomo wa moto, udongo ni bora. Ulaya ya zamani walipaka ndani ya dohani chokaa iliyochanganywa na mavi ya ng'ombe. Hapa Maniema tuna udongo wa kichuguu, mchanga wa mto, na vumbi la matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchungwa. Kwa kuwa udongo hautofautiani tu kijiji kwa kijiji bali hata kichuguu kwa kichuguu, fundi afanye vidonge vitatu au vine vyenye vipimo tofauti, avikaushe kivulini, kisha avitie motoni. Kile kisichopasuka ndicho cha kutumia.

Kabla ya kupaka, masizi na udongo uliolegea vitolewe vyote, na matofali yaloweshwe. Kwa dohani nyembamba iliyonyooka kuna njia ya zamani: gunia lililojazwa majani, linaloenea sawasawa, linavutwa kwa kamba kutoka chini kwenda juu, huku udongo mwororo ukiwekwa juu yake. Gunia linapopanda linausukuma udongo ndani ya nyufa na kuulainisha. Dohani yenye kona haikubali njia hii. Inabidi kufungua ukuta mahali pa kona. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene. Ziachwe zikauke wiki nzima ama zaidi, kisha uwashwe moto mdogo kwa siku kadhaa kabla ya kurudia moto wa kawaida.

Wengine hupitisha bomba la bati ndani ya dohani iliyopasuka. Bomba la chuma kinene linafaa. Manjanja yenye zinki yasiwekwe karibu na moto: yanaisha upesi, na zinki ikipata joto kali hutoa moshi unaodhuru mapafu.

Jengo moja, dohani moja, wapangaji wengi

Katika jengo la kugawana, kazi ngumu mara nyingi ni mapatano. Mpangaji mmoja ameziba mdomo wake wa zamani kwa gazeti na matope, wa pili amefungua mpya, wa tatu ameunganisha babula yake hapo hapo. Kila moto ukiwa na njia yake, moshi wa huyu hauingii kwa yule. Motoni wawili katika njia moja, upepo ukigeuka, mmoja anapikia mwingine moshi. Midomo isiyotumika izibwe kwa matofali, si kwa gazeti.

Ukuta na ngozi ya ndani ni vya mwenye parseli, kama paa lilivyo lake. Masizi ni ya wanaowasha moto. Yanapoandikwa hivyo kwenye karatasi ya kupanga, pamoja na miezi miwili ya kusafisha, ugomvi unapungua. Pasipo na karatasi, wapangaji wachange kidogo kidogo wamwite fundi mmoja kwa jengo zima. Kusafisha mdomo mmoja na kuacha mitatu ni kupoteza makuta, kwa kuwa dohani ni moja.

Mpaka siku fundi atakapokuja, jaribio la moshi ni la bure. Likionyesha ufa, moto wa ndani usimame, na chakula kipikwe uani.