Ozi, Nchi ya Farisi Mtunzi

Mkwajuni hapana ngome ya kale. Mji huu, ulio makao makuu ya Wilaya ya Songwe, hutajwa zaidi kwa ajili ya dhahabu, kwa kuwa mgodi wa Saza u jirani yake, na kwa kuwa machimbo ya Lupa, yaliyovuta watu wa kila kabila katika miaka ya 1930, yaliwalazimu Wabungu, Wasafwa, Wanyakyusa na Wanyamwezi kutafuta lugha moja ya kuagizana kazi na kudaiana ujira, nayo ikawa Kiswahili. Basi kijana wa Mkwajuni afunguapo leo kitabu cha Tenzi Tatu za Kale, alichokihariri M. M. Mulokozi mwaka 1999, akamkuta humo shujaa na mtunzi Fumo Liyongo, hukutana na lugha ile ile anunuliayo chumvi sokoni, ila imevaa joho la kaskazini na kunena kwa lahaja ya visiwa vya Lamu. Ni msomaji huyo ninayependa kumpeleka Ozi, pwani ya Kenya, ambako habari ya Liyongo ina mahali pake.

Mto Tana, baada ya safari ndefu kutoka milima ya bara, huingia baharini karibu na Kipini kwa mlango uitwao Ozi. Nchi ile ni ya mikoko, mipunga na maji yasiyojua mpaka wake, na kandokando ya bahari yapo magofu ya Ungwana, mji wa mawe wenye misikiti na ukuta, ambao James Kirkman aliuchimba katika miaka ya 1950. Jirani na hapo palikuwa Shaka, na hapo ndipo mapokezi yanapomweka Liyongo, mwana wa Mwana Mbwasho, mtu wa kimo kisicho cha kawaida, hodari wa upinde na hodari zaidi wa utungo. Mintarafu ya zama zake, wataalamu hawakuafikiana, wengine wakimrudisha nyuma karne nyingi, wengine wakimsogeza karibu na mwaka 1600. Lakini Wapokomo wa mtoni wanamkumbuka kwa namna yao kama Waswahili wa mjini wanavyomkumbuka kwa namna yao, na mtu asiyepata kuwapo huwa ni taabu kukumbukwa na mataifa mawili.

Katika miji ile mwanamke wa kiungwana alikuwa mtawa. Neno hilo sisi wa bara tumezoea kulisikia kwa masista wa Kanisa, lakini asili yake pwani lilimhusu mwanamke akaaye ndani, asionekane na wasio maharimu wake. Hata nyumba ilijengwa kwa ajili ya hali hiyo: mgeni huishia dakani, msana mmoja, yaani ukumbi mwembamba, hufuata mwingine kadiri uingiavyo, na mwisho kabisa ni chumba kiitwacho ndani, mbali na macho ya njiani. Huko Lamu, mwanamke wa cheo alipolazimika kutoka, alitembea chini ya shiraa, hema la nguo lililochukuliwa na wajakazi wake, hata mpita njia akaona hema linakwenda, asimwone mtu. Na ni mwanamke wa namna hiyo ambaye watunzi walimtungia tumbuizo zao. Miongoni mwa tungo anazonasibishiwa Liyongo zimo za kumsifu mke wa kiungwana tangu nywele hata unyayo, kwa utaratibu wa mtu apambaye kitu cha thamani.

Sasa tazama jinsi kisa cha Liyongo kilivyoipindua hali hiyo. Sultani wa Pate, kwa kauli ya utenzi alioutunga Muhammad Kijuma mwaka 1913, alimwonea Liyongo wivu wa ufalme, akamtia gerezani. Aliyefungiwa akawa mwanamume, na aliyefika mlangoni akawa mwanamke, naye ni Saada, kijakazi aliyeleta chakula kila siku, ambacho askari walikipokonya kila kilipokuwa kizuri. Liyongo akaimba, na katika wimbo ule, ambao walinzi waliusikia wasiufahamu, alimtuma Saada kwa mamaye aoke mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Walinzi wakala mikate mizuri, wakamwachia mfungwa ule wa wishwa. Kisha akaomba ngoma ya gungu, na watu walipopiga matwazi na kuitikia nyimbo alizowafundisha mwenyewe, kelele zao zikafunika mlio wa tupa juu ya pingu.

Nchi za Wakristo wa Ulaya zina kisa kinachokaribiana na hiki kwa namna ya ajabu. Katika karne ya 13 ilitungwa, kwa lugha ya kusini mwa Ufaransa, hadithi ndefu ya beti iitwayo Flamenca, ya bibi aliyefungiwa mnarani na mumewe Archambaut, bwana wa Bourbon, asitoke ila kwenda kanisani na kwenye maji ya moto ya kuogea. Farisi Guillem, mwenye elimu na sauti ya kuimba, alijifanya mtumishi wa padri ili apate kumpelekea kitabu cha zaburi akibusu wakati wa amani katika misa. Na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi mno, alinena neno moja tu Jumapili moja, la kuugua, naye bibi akajibu neno moja siku nyingine ya ibada, akimwuliza anaugulia nini, hata mazungumzo ambayo watu wengine huyamaliza njiani wakipishana yakachukua miezi.

Lakini majibu yale ya bibi hakuyatunga peke yake. Alikuwa na wajakazi wawili, Alis na Margarida, waliofungiwa pamoja naye, wakikaa juma zima kulipima neno litakalosemwa. Na Margarida alipotoa la kufaa, bibi yake alimsifu kuwa ni mtunzi mwema. Nimelifikiri sana jambo hili, na naona ndilo liunganishalo mnara wa Bourbon na gereza la Pate. Mlinzi huilinda heshima ya bwana na ya bibi, ndiyo maana bibi wa Lamu, pamoja na shiraa yake, asingaliweza kuufikia mlango wa mfungwa. Bali kijakazi, ambaye hakuna aliyemdhania heshima ya kulindwa, alikwenda na kurudi. Dhuluma ile ile iliyomnyima cheo ndiyo iliyompa njia, na yeye akaitumia kwa akili: aliusikia wimbo wa fumbo mara moja, akaufahamu, akaufikisha bila kupotosha neno, ilhali kosa moja lingalimwua bwana wake, na yamkini yeye mwenyewe.

Liyongo baadaye aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba, na wenyeji wa Ozi huonyesha kaburi lake hata leo. Sifa zake zimekwisha kusomwa na kughaniwa vya kutosha. Ninyi walimu wa Mkwajuni na wa bara nzima, mtakapofika kwenye ubeti wa mkate, simameni kidogo, mumtaje Saada kwa jina lake.