Ampu ya stoo: valvu, transista na gitaa la dansi

Haya wadau, testi zimeisha, usingizi umerudi, leo naweka historia kidogo. Mliozoea umbea wa hosteli mtavumilia, kesho upo.

Kuna ubishi chumbani kwetu haufi: kwa nini gitaa la nyimbo za zamani linalia vile, na la siku hizi linalia hivi? Jamaa wa kitanda cha juu anasema ni vidole tu. Mimi nasema vidole ndiyo, lakini tusilisahau lile boksi lililo nyuma ya mpigaji.

Boksi ni ampu. Zile za kwanza ziliendeshwa na valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya machungwa kama taa ndogo. Mmarekani Lee de Forest aliibuni valvu ya kukuza sauti mwaka 1906, ikatumika kwenye simu, redio na sinema kabla gitaa halijaifikia. NUTA Jazz inaanzishwa 1964, ampu za gitaa dunia nzima zilikuwa karibu zote za valvu. Uingereza kulikuwa na Vox AC30, wati 30, valvu nne za EL84 zikisukuma sipika mbili, na uzito wa kuvunja mgongo. Jim Marshall naye alishaanza kuuza zake pale London.

Transista ilizaliwa maabara za Bell, Marekani, Desemba 1947. Ndogo, haipati moto kama valvu, haivunjiki ovyo. Mwaka 1975 Wajapani wa Roland wakatoa JC-120, haina valvu hata moja, na mpaka leo ni maarufu kwa sauti safi.

Tofauti yenyewe iko hivi. Valvu ukiizidishia haigomi ghafla, inaibana sauti polepole na kuitia ukali fulani mtamu. Transista ya bei rahisi ikifika mwisho inakata kama panga. Watu wa roki wakaupenda ule ukali wa valvu mpaka leo wanaulipia pesa ndefu. Lakini wapiga dansi wetu walikuwa na haja na mkwaruzo? Msikilize Mbaraka Mwinshehe, noti moja moja, kila moja imesimama peke yake. Sauti safi ndiyo iliyotakiwa, kwa hiyo wanaosema transista ndiyo iliyoua dansi wananichekesha.

Kilichobana ni fedha za kigeni. Baada ya vita ya Kagera ya 1978-79 nchi ilikuwa hoi, na kuagiza vyombo vipya ikawa kazi kweli kweli. Halafu kumbuka vyombo havikuwa vya wanamuziki, vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri ya TTTS, mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC. Mpigaji akihama, ampu anaiacha pale pale. Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na bado ukimsikia unamjua kabla hajaimba. Hapo jamaa wa kitanda cha juu anapata pointi, nampa.

Sasa kwa nini naandika haya yote? Nyumbani Laela kuna kwaya ina ampu ya valvu stoo, imelala miaka. Katokea mfanyabiashara anataka kuibeba kwa bei ya chuma chakavu, eti atawaletea kiampu kipya cha kufungia kwenye betri ya sola. Kamati imegawanyika. Mjomba kanipigia, "Wewe ndiye uko chuo, utuambie."

Nimemwambia hivi: shikamoo mjomba, msiiuze kwa kilo. Kwa ibada ya kila Jumapili kipya kinafaa zaidi, ni chepesi na hakili umeme. Ile ya wati 30 inaweza kuvuta zaidi ya wati 100 ukutani, maana valvu lazima zichemke kwanza. Tena siku hizi kuna mitambo ya kompyuta inayoiga ampu za zamani, Line 6 walitoa POD yao 1998 na wengine wamefuata, na ukiwa jukwaani wengi hawatajua tofauti. Ila ile ya zamani inafunguka, inatengenezeka kwa soda na subira. Kipya kikiungua bodi, fundi wengi wanakutazama tu. Valvu zenyewe bado zinatengenezwa, Urusi, China na Slovakia.

Na tafadhali, asiichomeke mtu kwanza aone kama inawaka! Kapasita zikishakauka miaka yote hiyo zinaweza kuunguza transfoma. Fundi azibadilishe, aangalie fyuzi, na isiwashwe bila sipika. Vijana wa kwaya wasiingize mkono ndani hata ikiwa imechomolewa, mle kuna volti 300 na ushee zinazoweza kubaki zimejificha. Mjomba kasema fundi wa redio atapanda basi la kutoka Sumbawanga Alhamisi, na yule mfanyabiashara kaambiwa asubiri.