Muuzaji asipoitwa katika kesi ya kiwanja

KATIKA kesi za mauziano ya ardhi nchini Tanzania, wapo wanaoshinda baada ya miaka mingi, kisha mwenendo mzima ukafutwa katika rufaa kwa sababu mtu mmoja muhimu hakuunganishwa. Aghalabu mtu huyo ni muuzaji.

Mathalani, mnunuzi amelipia kiwanja na kuanza ujenzi. Anajitokeza mwingine akidai eneo ni lake, naye anamshitaki mnunuzi peke yake. Muuzaji, ajuaye alivyolipata eneo hilo, hayumo kesini.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inatoa njia mbili katika Amri ya Kwanza. Kanuni ya 10(2) inairuhusu mahakama, kwa maombi ya upande wowote au kwa uamuzi wake yenyewe, kumuunganisha katika hatua yoyote mtu ambaye bila yeye mgogoro hauwezi kuamuliwa kikamilifu. Mdaiwa akiongezwa, hati ya madai hurekebishwa.

Njia ya pili imo katika Kanuni ya 14. Mdaiwa anayetaka kufidiwa na mtu asiyekuwamo kesini, kama vile muuzaji aliyepokea fedha zake, huomba kibali cha kumpelekea notisi ya mtu wa tatu. Maombi huambatana na hati ya kiapo. Aliyepelekewa notisi asipowasilisha utetezi kwa wakati huhesabiwa kuwa amelikubali dai, na hukumu humfunga.

Ni kweli kwamba Kanuni ya 9 inasema shauri halifi kwa sababu tu ya kutounganishwa mtu. Lakini mahakama zimeamua kuwa kinga hiyo haimhusu mhusika wa lazima. Katika uamuzi wa mwaka 1983, Mahakama Kuu ilieleza kuwa anayedai ardhi iliyokwisha kuuzwa sharti awashitaki mnunuzi na muuzaji pamoja.

Muuzaji akiwa amefariki dunia, anayeunganishwa ni msimamizi wa mirathi yake, si mrithi yeyote tu. Iwapo anayehitajika ni Serikali au halmashauri, itolewe kwanza notisi ya siku 90. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, hata kwa halmashauri Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, na shauri husikilizwa Mahakama Kuu, si Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa hiyo mnunuzi anayepokea hati ya kuitwa shaurini asikimbilie kutetea kiwanja tu. Atoe mkataba wake, aangalie nani alimuuzia, na aombe mapema mtu huyo aitwe.