Mkuki, mbio na mtoza kodi

Sisi huku Westmead tuko salama. Leo nawapa historia kidogo, kwa ajili ya wenye vijana wanaokimbilia vyuo vya Marekani.

Mwaka 1978 Henry Rono wetu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Kanuni za ridhaa zilimkataza mwanafunzi kuuza jina lake kwa matangazo. Ruhusa ilikuja Julai 1, 2021.

Lakini pesa ikiingia, kodi nayo hubisha hodi. Hapa Australia, Joanna Stone alikuwa polisi na mrusha mkuki. Mwaka wa fedha 1998/99 michezo ilimpa dola 136,448: zawadi, ruzuku, udhamini. Akasema anarusha kwa kuipenda nchi, si biashara. Mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ikaamua: mapenzi yapo, biashara ipo pia. Zote zikatozwa kodi.

Basi mwambieni kijana: viza ya mwanafunzi hubana kazi za malipo. Kabla ya kusaini tangazo, aulize chuo, na fungu la kodi alitenge mapema.

Wasalaam.