Nyayo Pioneer Mnaijua. Kabureta za Grogan Je?

Kila baada ya miezi michache lazima mtu aposti ile picha ya Nyayo Pioneer, na pale chini maombolezo yanaanza. Stori mnaijua. Mwaka 1986 Rais Moi aliambia Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Wakaunda magari matano ya majaribio, yakazinduliwa 1990, pesa zikakosa, ikaishia hapo. Tangu siku hiyo tumekubaliana kama taifa kwamba sisi injini tunaendesha tu, hatuzijui.

Hapo ndipo mimi nakataa. Hiyo stori moja imekula nafasi ya zingine zote, na ile ninayoipenda zaidi iko ndani ya kidude unachoweza kukishika kwa mkono mmoja.

Kabla injeksheni ya umeme haijaenea, karibu kila injini ya petroli barabarani hapa ilipumua kupitia kabureta. Kazi yake ni kuchanganya hewa na petroli, kama kilo 15 za hewa kwa kilo moja ya petroli, bila kompyuta. Hewa ikipita kwenye koo jembamba inakimbia zaidi na presha yake inashuka, jambo ambalo Mwitaliano Venturi aliliandika mwaka 1797. Presha ikishuka, petroli inafyonzwa kupitia kitundu kidogo kwenye kipande cha shaba kinachoitwa jeti. Mwaka 1893 Maybach kule Ujerumani, na Bánki na Csonka kule Hungary, walikuwa tayari wameligeuza wazo hilo kuwa mashine.

Mashine hiyo ilivyofika kwetu ni kama ilitupwa vitani. Peugeot 404, iliyotoka kiwandani Sochaux, Ufaransa, ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 ni magari saba pekee yaliyomaliza. Watu wakaona, wakanunua. Halafu 1973 Mzee Kenyatta akaruhusu matatu zifanye kazi bila leseni ya usafirishaji, na 404 na 504 zikawa za kubeba abiria masafa marefu, mchana na usiku, kwenye murram. Land Rover nazo zilikuwa za serikali, za mission na za mashamba. Nyingi zina kabureta, na zote zinameza vumbi.

Sasa vumbi linafanya nini? Hapa acha nikae kidogo, manake ndipo kwenye utamu.

Mwili wa kabureta nyingi umemiminwa kwa madini laini yenye zinki. Ndani yake unapita mhimili wa chuma, ule unaozunguka ukikanyaga mafuta. Vumbi laini likiingia pale linakuwa msasa. Miaka ikipita, tundu lililokuwa duara linakuwa kama yai, na hewa isiyopimwa inaingilia hapo. Injini ikiwa slow inapanda na kushuka yenyewe, na hakuna skrubu utakayozungusha itulie. Makanika mbaya atabadilisha plagi, abadilishe waya, akulipishe, na gari litarudi vile vile.

Kuna mzee mmoja karibu na Kirinyaga Road ambaye sitamtaja kwa sababu hapendi kamera. Nimekaa naye Jumamosi kadhaa. Anachofanya ni kupanua lile tundu lililoharibika hadi liwe duara tena, anakereza bushi ya shaba, anaigandamiza ndani, kisha anaisafisha kidogo kidogo mpaka mhimili uzunguke bila kucheza. Ukibana sana, akseleta inakwama. Ukilegeza, hujafanya kitu. Nafasi yenyewe ni nyembamba kuliko unywele na anaipima kwa vidole kwanza, kifaa baadaye.

Kifuniko kikipinda, kama zile Zenith za Land Rover zilivyozoea, anaweka msasa juu ya kioo na kukisugua mpaka kilale sawa. Floti ya shaba anaitumbukiza kwenye maji ya moto. Hewa ya ndani ikipanuka, mapovu yanatoka na anajua tundu liko wapi. Kuiziba kwa lehemu ni rahisi, lakini lehemu ina uzito. Floti ikiwa nzito inachelewa kupanda na petroli inafurika, kwa hivyo anakwangua ile iliyozidi. Na ukitaka kumkasirisha, chokoa jeti kwa waya. "Kijana," aliniambia, "hilo tundu limepimwa. Wewe umepima?"

Limepimwa kweli. Jeti ya Solex yenye namba 130 ina tundu la milimita 1.30. Na hapa kuna kitu ambacho kitabu cha Mzungu hakikumsaidia sana mtu wa hapa: Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na ukipita Nakuru kwenda Eldoret unapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,500. Hewa ya huko ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa Mombasa ikifika juu inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, injini inatoa moshi mweusi na inakosa nguvu. Dawa ni jeti ndogo zaidi. Ndogo kiasi gani? Inategemea gari linashinda wapi. Mzee huyu alikuwa anamuuliza dereva ruti yake kabla hajashika spana.

Na mbona wasingenunua mpya tu? Kwa sababu mpaka mageuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 90, kuagiza kitu kutoka nje kulitaka leseni na fedha za kigeni, na vyote viwili vilikuwa vigumu kupata. Kabureta ya zamani ilibidi irudi kazini.

Kwa hivyo nirudi kwa Moi. Mwaka 1985, mwaka mmoja kabla ya agizo la gari la taifa, yeye huyo huyo alitembelea mafundi wa Kamukunji waliokuwa wakigonga vyuma juani, akaahidi kuwajengea vivuli. Vikajengwa. Ila angalieni mgawanyo: walio chuoni waliitwa wahandisi na wakapewa mradi wa taifa, na wa Kamukunji wakapewa mabati. Sisemi mabati hayakusaidia. Nasema hakuna aliyewauliza kile wanachokijua. Hata jina walilobandikwa, jua kali, linasema walikaa wapi, halisemi walifanya nini.

Jina la mtaa wenyewe lina utani wake. Kirinyaga Road iliitwa Grogan Road, ya Ewart Grogan, setla ambaye mwaka 1907 aliwachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani, mbele ya korti ya Nairobi. Uhuru ulikuja na kibao kikabadilishwa. Lakini mpaka leo watu wanasema "naenda Grogan", na wanamaanisha spea. Wengi hawajui kulikuwa na mtu. Mafundi walimnyang'anya jina bila hata kujaribu.

Soko likafunguliwa, magari ya mitumba kutoka Japani yakajaa, injeksheni ikashinda. Kabureta sasa iko hasa kwenye boda, na ikichoka unanunua nakala ya bei rahisi na kutupa ile ya zamani. Silaumu mtu wa boda, anahesabu siku. Lakini wanaojua kuweka bushi kwenye Solex wanazeeka, na wateja waliobaki ni watu wa magari ya kale, wale wa Jumapili. Wengine wao wanatuma kabureta Uingereza kufufuliwa, wakati kazi hiyo hiyo iko hapa Grogan.

Mzee ana mkebe wa Kimbo umejaa jeti. Nyingi amezichora kwa msumari pembeni: herufi ya mji, na mwaka. N, K, E. Kuna moja ina T, na nilipouliza akacheka, akasema hiyo ni ya lori moja la mbao la Timboroa ambalo mwenyewe alikataa kuliuza. Ameniruhusu kuzipiga picha mradi nisipige uso wake. Nimemaliza 41 na mkebe haujafika nusu. Nitaziweka hapa moja moja, na namba zake. Kama babu yako aliendesha 404, muulize alishinda ruti gani.