Alfajiri katika Nchi ya Ugogo

Nidhamu ya watu haitokani na amri peke yake. Mara nyingi hutokana na nchi wanamoishi na kazi inayowalisha. Ukweli huu waonekana wazi katika uwanda wa kati wa Tanzania, ambako desturi ya kudamka ilijengwa na jua, maji na mvua kabla ya kengele ya shule kusikika.

Ugogo hupata mvua kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Mkulima wa uwele na mtama hana msimu wa pili wa kufidia uvivu wake. Ardhi ikilowa, sharti apande kabla haijakauka. Nafaka ikikaribia kukomaa, kwelea huvamia mashamba kunapopambazuka. Kwa hiyo mlinzi hana budi awe amekwisha kupanda ulingoni. Wakati wa kiangazi, akina mama huwahi visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mito mikavu, maana achelewaye hukuta maji yamekwisha, akangoja yajikusanye tena. Katika tembe nako ng'ombe hukamuliwa asubuhi, ndipo watolewe malishoni. Hivyo mtoto alijifunza saa kwa kazi.

Wageni nao walifunzwa na nchi hiyo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilivuka nyika kavu ya Marenga Mkali kabla ya kuingia Ugogo. Wapagazi waliondoka kungali giza, ili mizigo ibebwe kabla ya jua kuwa kali. Walipofika Ugogo walitoa hongo kwa watemi, kwani mwenye maji ndiye aliyekuwa mwenye njia.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kudamka pekee hushinda kila dhiki. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ulipofuata, ikazuka njaa kuu iitwayo Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyoua maelfu ya watu. Marehemu hao hawakuwa wavivu. Waliamka alfajiri kama kawaida, lakini ghala na zizi vilikuwa vimenyang'anywa. Basi asemaye kwamba maskini ni maskini kwa sababu ya usingizi hajaisoma historia.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, nidhamu ya kweli ni kujua kwa nini unaamka: aliyedamka kulinda uwele hakuhitaji kiboko. Pili, jasho la alfajiri lahitaji jamii iliyo huru, yenye uwezo wa kulinda mavuno yake. Mwanafunzi aamkaye mapema leo na ajiulize, kama walivyojua wazee wa Ugogo, ni shamba gani analokwenda kulilinda.