NFS: seva isiyokumbuka kitu

Sun Microsystems ya Marekani ilipounda NFS mwaka wa 1984, iliamua kwamba seva isikumbuke nani amefungua faili gani. Kila ombi la kusoma hujitosheleza: kitambulisho cha faili (baiti 32 katika toleo la 2), mahali pa kuanzia, na idadi ya baiti. Seva ikizimika, tarakilishi ya mtumiaji hurudia ombi lile lile mpaka ijibiwe. Ujanja mtamu, ama vipi?

Shida ilikuwa kuandika. Toleo la 2 liliikataza seva kusema "tayari" kabla data haijatua kwenye diski, na hilo lilichosha kwa upole wake. Wasimamizi wengine wakairuhusu seva ijibu mapema. Stima ikipotea hapo, data imekwenda, na programu ilishaambiwa iko salama!

Toleo la 3 (RFC 1813, Juni 1995) lilileta ombi la COMMIT. Mtumaji huandika haraka lakini hubaki na nakala mpaka COMMIT ijibiwe. Seva nayo hutoa namba inayobadilika ikiwashwa upya. Namba ikitofautiana, mtumaji hutuma data tena. Toleo la 4, Desemba 2000, likaipa seva kumbukumbu ya faili zilizofunguliwa.